Vyeo Visivyomjua Mpwa

Yule mpwa sikumpenda tangu siku ya kwanza. Aliingia Jumapili baada ya chakula cha mchana, akafuta viatu mlangoni zaidi ya matope yaliyokuwepo, na kabla hajavua koti akaniuliza, "Mjomba amelalaje?" Hakuuliza kama mjomba hajambo. Aliuliza amelalaje. Kwetu milimani Uluguru, anayetanguliza swali hilo ni mtu anayengoja kitu, na wa kwanza kungoja ni mpwa, kwa sababu mpwa ndiye mrithi. Nikamjibu, "Amelala kama mtu atakayeamka," nikalichukua koti lake na kulitundika.

Hiyo ilikuwa Auderghem, pembezoni mwa Brussels, katikati ya miaka ya tisini, katika nyumba ndefu nyembamba karibu na pale msitu unapoanzia. Mjomba mwenyewe alikuwa Mwingereza aliyepita miaka themanini. Alikuwa ameishi Brussels zaidi ya nusu ya maisha yake na bado Kifaransa alikuwa amekikataa, na ukaidi huo ndio ulionipa kazi. Walitafuta mtu wa kumwogesha, kumlisha na kuzungumza naye Kiingereza, wakanipata mimi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Morogoro. Nilikuja Ubelgiji kama mke wa mwanafunzi. Mwanafunzi akamaliza masomo, akamaliza na mimi, akarudi nyumbani. Mimi nikabaki na mwanangu wa pekee katika fleti ya Berchem-Sainte-Agathe, ng'ambo kabisa ya mji, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa navuka Brussels nzima kwenda kumvisha mzee soksi.

Nyumba haikuwa ya mzee, ilikuwa ya dada yake, mjane wa Mbelgiji. Bibi huyo alikuwa mfupi, mkavu, na kila jioni nilipokuwa navaa koti langu alikwenda kwenye kabati la sebuleni kuhesabu vijiko vya fedha. Alidhani sijui. Basi nikaanza kumhesabia mimi mwenyewe, kwa sauti, nikiwa nafunga vifungo. Hakucheka hata siku moja. Nami sikumlaumu, maana na mimi nilikuwa naonja supu ya mzee kabla sijampa, hasa Jumapili.

Wakati huohuo, kwetu walikuwa wanamtaka mwanangu.

Ni lazima nieleze hapa, maana bila hili hamtaelewa nilivyokuwa nawaza. Kwetu ukoo unapita kwa mama. Ukoo wetu una jina moja lenye kigoda, kofia nyeusi na bangili, na anayelirithi halibebi tu, analivaa. Akishavikwa, yeye ndiye yule aliyekufa. Ugomvi wa marehemu ni wake, ahadi za marehemu ni zake, na dada za marehemu ni dada zake, hata kama mmoja wao ndiye aliyemzaa. Kaka yangu alilirithi kutoka kwa mjomba wetu, na tangu siku hiyo mama akaacha kumwita "mwanangu", akamwita kaka. Masika yaliyopita kaka naye akafariki. Mama yetu alituzaa wawili tu, na mimi nimezaa mmoja. Mama mdogo, ambaye hakujaliwa mtoto na ndiye aliyebaki kuamua mambo, alikuwa akinipigia simu kila Jumamosi kutoka posta ya Morogoro: "Mlete kijana. Jina likilala sana linakufa."

Nilimtilia shaka mama mdogo. Mjomba wetu alikufa ghafla, kaka alikufa ghafla, na yeye anasema ni presha. Presha gani hiyo inayochagua wenye kigoda tu? Halafu nilijua macho yao yako wapi: kijana anatoka Ulaya, atakuja na mabegi. Lakini chini ya shaka hizo zote kulikuwa na jambo moja tu, na nalisema wazi. Nilikuwa sina mtu mwingine duniani wa kuniita mama, na walikuwa wananiomba nimtoe.

Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na miwili, anajifunza kutengeneza lifti. Nilipomwambia akasema, "Utakavyosema wewe, mama." Jibu hilo lilinikera kuliko kama angekataa.

Sasa rudini kwa yule mpwa. Kila Jumapili alikuja na bati la biskuti, akaketi karibu na mjomba wake akimtazama. Alimwinua kidevu kumwangalia macho. Alitazama dari, akatazama picha za mababu zilizopangwa kwenye ngazi, akaniuliza mzee amekula nini, amekunywa nini, amesema nini. Siku moja alimvua pete yenye muhuri kidoleni akatoka nayo, na nilipomzuia mlangoni akasema anaipeleka kupunguzwa, kwa kuwa vidole vya mzee vimekonda. Ikarudi baada ya wiki, kweli imepunguzwa. Lakini mimi nikajisemea, ehee, kwanza ameijaribu.

Nikaona afadhali nimwonye mzee. Nilingoja Jumatatu, dada yake alipokwenda sokoni. Nilikuwa namlisha supu ya vitunguu. Nikasema, "Mzee, samahani, mimi si mtu wa fitina. Lakini huyu mtoto wa dada yako anangoja cheo chako."

Maana nilishajua kwamba ana cheo. Barua zake zilikuja na neno la heshima mbele ya jina, na bibi alikuwa akilitamka akimtania anapomwaga chai. Mzee akanitazama, akaanza kucheka, akakohoa mpaka nikamwekea mkono mgongoni. "Mwalimu," akasema, ndivyo alivyoniita, "niletee vijiko viwili zaidi."

Nikaleta. Akavipanga kwenye sinia, akaniambia ukoo wao ulivyokuwa: watu wa mashamba makubwa kaskazini ya Uingereza, matawi matatu, kila tawi na cheo chake cha kurithi. Tawi la kwanza, ulodi. Vijana wawili wa mwisho walikufa vitani kabla hawajaoa, baba yao akafuata, ulodi ukafa. Akakigeuza kijiko kifudifudi. Tawi la pili, ulodi mwingine, mdogo zaidi. Mwenyewe akazaa mabinti watano. "Watano!" akasema, kama anayetaja ugonjwa. Ukafa nao. Akageuza cha pili. Tawi la tatu lilikuwa na cheo cha baroneti, ambacho si ulodi lakini nacho kinarithiwa, baba kwa mwana. "Hicho ndicho changu. Sikuoa. Nikifa mimi, hakuna kitu." Akakichukua kijiko cha tatu, akaendelea kunywa supu yake.

"Subiri," nikasema. "Hao mabinti watano hawakuzaa?"

"Walizaa sana."

"Wanaume?"

"Kanisa zima."

"Sasa ulodi ulikufaje?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini mvua hainyeshi kwenda juu. Akanieleza kwamba cheo hakipiti kwa mwanamke. Kikimfikia kinagota hapohapo, hata azae wanaume kumi. Dada yake hana cheo, na mwanawe ni Mbelgiji mwuza bima, na ndivyo atakavyokufa.

Sikumwamini hata kidogo. Si kwamba nilimwona mwongo. Kwetu mrithi hatajwi mtu akiwa hai. Anafichwa. Utasikia mzee anasema "sina mtu, sina mtu," na mtu mwenyewe ameketi pembeni anamenya mihogo, ili wenye vijicho wasimwahi. Nikajua mzee anafanya hivyohivyo, tena kwa ustadi, na vijiko juu. Nikasema moyoni: mwerevu huyu. Jumapili iliyofuata nikamchunga mpwa mara mbili zaidi, na dawa za mzee nikazihamishia mfukoni mwangu.

Mpwa akazitafuta. Akanifuata jikoni, akafunga mlango. "Mama," akasema kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kifaransa, "kwa nini unanichukia?"

Nikamwambia sipendi watu wanaongoja.

"Nangoja nini?"

"Cheo."

Yule bwana, mnene, upara umeanza, akavuta kiti akakaa kama aliyechoka tangu utotoni. Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka sita alimuuliza mama yake kama naye siku moja ataitwa kama mjomba, na mama yake akampiga kofi. Kofi la pekee alilowahi kumpiga. Baada ya hapo hakuuliza tena. Anakuja Jumapili kwa sababu mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kwenye njia za msituni palepale nyuma ya nyumba, wakati baba yake ana kazi. Nikampa dawa. Sikusema samahani, kwa sababu shaka yangu ilikuwa na msingi wake, na kwa sababu bado nilitaka kujua kwa nini anatazama dari. Nilipomuuliza akasema linavuja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee alisema kweli tupu. Jamani! Mpwa yumo ndani ya nyumba, mzima, ana meno yote, anakuja kila wiki na biskuti, na watu wanakaa wanasema ukoo umekwisha. Nilikasirika kama vile walikuwa wananimwagia chakula mbele ya macho. Jumatatu nikamwambia mzee vile tunavyofanya sisi. Nilimwambia kila kitu, kigoda, kofia, bangili, na kwamba kwetu cheo kinatafuta tumbo la dada kwa sababu baba ni wa kuambiwa lakini mama ameonekana akizaa.

Alisikiliza bila kukohoa. "Kwa hiyo kwenu," akasema, "ningekuwa na mrithi kila Jumapili, anayeniletea biskuti nisizozipenda."

"Ndiyo."

Akageuka akatazama dirishani. "Mwalimu, mimi naogopa. Kufa siogopi sana. Naogopa kuwa wa mwisho. Watu kumi na wangapi walikipokea na kukipitisha, wengine wajinga kabisa, na kikaja kunifia mimi mkononi." Machozi yakamtoka, akaacha yatoke.

Kuanzia siku hiyo hakunipa raha. Alitaka nimvike mpwa palepale, yeye akiwa anatazama. Nikakataa, nikamwambia kwetu huwezi kumvika mtu jina la aliye hai, ni kuyaita mauti kwa mluzi. Basi akataka niahidi kwamba nitafanya akishakufa. Nikasema mimi si wa ukoo wenu, sina haki. Akauliza ni nani mwenye haki. Nikasema wazee wa ukoo, na watani. Akauliza mtani ni nani. Nikamweleza: watu wa kabila jingine ambao zamani mlipigana au mlitawalana, mkapatana, na sasa wana ruhusa ya kukutukana msibani, kufanya kazi ambazo wafiwa hawawezi, na kunyakua kitu cha marehemu mpaka wakombolewe.

"Sisi tuliwatawala nyinyi," akasema.

"Mlitutawala."

"Mkatufukuza."

"Tukawafukuza."

"Huo haujawa utani?"

Nilicheka mpaka nikaketi. Nikaahidi. Lakini mzee hakuishia hapo. Alijua habari za mwanangu, maana nilishamweleza simu za Jumamosi, naye akadhani sasa ana haki ya kunishauri. "Mpeleke," akasema. "Una mpwa wa watu mkononi, umemfungia Berchem anatengeneza lifti."

Nilimgeukia kwa hasira. "Wewe hujazaa! Ungezaa mmoja usingesema hivyo." Tukanuniana mpaka jioni, na soksi nikamvua bila neno.

Alifariki hospitalini Woluwe, wakati wa baridi, saa nne asubuhi, mimi na mpwa tukiwa tumekaa huku na huku ya kitanda. Bibi alikuwa ametoka kutafuta kahawa. Aliporudi alimwangalia kaka yake, kisha akaiweka kahawa yake dirishani, akamfunga kifungo cha juu cha shati.

Katika ibada, kwenye kanisa dogo la Waingereza, padre wao alisoma jina la marehemu pamoja na cheo, akamwita "wa mwisho". Alilisema vizuri, kwa sauti ya kupendeza. Mimi nikaguna. Sikukusudia, nimezoea kuguna. Bibi akageuka kutoka benchi la mbele akanitazama, na sikuweza kujua amenichukuliaje.

Kabla ya kwenda nyumbani kwao baada ya maziko nilipitia Matonge, mtaa wa Wakongo, kununua unga. Mwenye duka alikuwa Mkongo, mama mnene mwenye vitenge viwili, kimoja juu ya kingine kwa ajili ya baridi. "Maman, hii ni bunga ya mahindi, ni bien fine, laini kabisa. Utakamata kilo ngapi?" Nikasema nataka kidogo tu, kiganja. Akanikazia macho. "Kiganja? Bon. Ni ya kula ao ni ya mambo ingine?" Nikamwambia ni ya msiba. "Donc ni ya mambo ingine," akasema, akanifungia kwenye gazeti, akakataa kupokea malipo, akajifuta mikono haraka. Hata yeye alinishuku.

Auderghem nilikuta bibi na mwanawe sebuleni, wawili tu, chai mezani. Wageni walishaondoka. Nikakaa nao kidogo. Halafu nikasimama, nikaenda kwenye ngazi palipotundikwa kofia ya mzee, ile nyeusi ya kuendea matembezi, nikaichukua. Nikachukua na pete kwenye kisahani. Nikavitia vyote kwenye mkoba wangu na kuufunga.

"Nilijua!" bibi akapiga ukelele. Kwa kweli alikuwa na furaha, kama mtu aliyengoja basi miaka miwili na sasa limetokea. "Nilijua tangu mwanzo! Nilisema!"

Mpwa akainuka, akanigeukia. "Mama, unafanya nini?"

"Ninyi ni watani zangu," nikasema. "Nimenyakua mali ya marehemu. Mkitaka irudi, nikomboeni."

"Anataka pesa," bibi akasema.

"Sitaki pesa yenu. Nataka huyu akae kwenye kigoda."

Nikawaeleza ahadi niliyompa mzee. Niliieleza vibaya, maana kazi ile hufanywa na wazee kumi na mimi nilikuwa peke yangu na unga kwenye gazeti. Mpwa akanisikiliza na uso umekunjamana. Akasema, polepole, kama anayesoma masharti ya bima, "Na wewe unapata nini?" Lilikuwa swali langu kabisa, lile nililokuwa namuuliza yeye kwa macho kila Jumapili. Nikamwambia sipati kitu, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimelemewa na ahadi hiyo na nilitaka initoke. Akatikisa kichwa. Akasema mjomba alikuwa amechoka akili mwishoni, na mimi nisitumie nafasi hiyo. Nikaanza kuufungua mkoba nirudishe vitu vyao niende zangu.

Bibi ndiye aliyesema, "Kaa."

Alimwambia mwanawe. Alishakwenda bafuni, na mkononi alikuwa na kile kiti kidogo cha miguu mitatu nilichokuwa nikimkalishia mzee nikimwogesha. Akakiweka juu ya zulia. "Kaa," akasema tena, "au nitakupiga kofi la pili."

Mpwa akakaa. Nikauchanganya unga na maji kwenye kisahani cha kikombe, nikampaka kwenye paji la uso na kifuani, juu ya tai. Nikamvika kofia, ikambana. Nikamvisha pete, ikagoma kwenye kiungo cha kidole, nikaivisha kidole cha mwisho. Nikasema maneno yetu kwa Kiluguru, kwa sababu Kiingereza changu hakikuwa na maneno hayo, na nikamwita kwa jina la mjomba wake pamoja na cheo chote, mara kwa mara, mpaka akaitika. Kisha nikawaambia kwamba sasa wanawake wa ukoo wanamsalimu, na wakiwa na neno walilokuwa nalo na marehemu wanamuuliza yeye, naye anajibu.

Nilidhani bibi atakataa. Alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Akamtazama muda mrefu chini ya ile kofia. Akamwita kwa jina la utotoni la kaka yake, ambalo sikuwahi kulisikia akilitaja mzee alipokuwa hai. Akasema, "Kwa nini uliniacha kwenye kile kibanda cha mashua ukaenda kumwambia baba nimetoroka?"

Mpwa akashika ukingo wa kofia. Akanitazama. Sikumsaidia, si kazi ya mtani kusaidia. "Nilikuwa na miaka tisa," akasema mwishowe. "Nilitaka baba anipende mimi peke yangu."

"Nilikaa mle mpaka giza."

"Najua. Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani," bibi akasema, "lakini hukuwahi kuuliza." Na akaanza kucheka, akamshika masikio, akamvuta kichwa akakiweka kifuani kwake na unga wote. Walikaa hivyo. Kisha akamwuliza juu ya mbwa fulani, juu ya mwalimu wa piano, juu ya msichana aliyemwacha bila kumwoa, na yule mwuza bima akajibu lile analolijua na lile asilolijua, na bibi akawa anampinga, "Hapana, si hivyo, wewe umesahau," mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumwona mwanamke mwenye miaka themanini mwepesi hivyo. Alikuwa amempata kaka yake.

Mimi nilikuwa nasuuza kisahani jikoni, na ninakiri mwili ulikuwa umenisisimka, maana nilizoea kuona jambo hili kwetu na nilidhani linafanya kazi kwetu tu.

Mpwa alinisindikiza mlangoni. Alikuwa bado na unga kwenye nyusi. Alinishukuru, akanipa mkono, halafu hakuuachia. "Nikuulize," akasema. "Amecheka. Sijamsikia akicheka hivyo na mimi maisha yangu yote. Lakini sasa mama yangu ni nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu hilo halina jibu. Nikamwambia linavuja, lile dari, alishughulikie.

Njia nzima, kwenye metro na kwenye basi, nilikuwa nawachukia wote: mzee kwa kunitwika, bibi kwa furaha yake, mama mdogo kwa simu zake. Nilifika Berchem nikamkuta mwanangu anakaanga mayai. Nikamwambia yaliyotokea, nikacheka mahali pa kuchekesha. Yeye hakucheka. Alizima jiko. Akasema, "Mama, ukweli ni kwamba nataka kwenda. Nilikuwa nangoja useme kwanza." Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya msiba wa mjomba wake, kaka yangu, tulipokaa hapahapa na simu tukisikia watu wanalia kule, na hakukuwa na wa kuwajibu.

Kwa hiyo na yeye alikuwa anangoja. Nilikuwa namchunga mtu wa Auderghem, na mngojaji alikuwa nyumbani kwangu anakaanga mayai.

Nikamwambia aende. Nikampa na masharti: asile chakula ambacho hakuona kikipikwa, asinywe pombe ya chungu cha mtu mmoja, na mama mdogo akimpa kitu cha kuoga asiogee. Aliitikia yote. Kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem alinikumbatia akaniita mama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama anayezimaliza.

Simu ililia Jumamosi ya tatu. Ilikuwa sauti ya mama mdogo, na nyuma yake, hapo posta, ndugu waliomsindikiza walikuwa wanazungumza. Akasema mambo yamekwenda vizuri, mvua imenyesha, amevikwa, yupo hapa. Nikamwambia nipe mwanangu. Akasema, "Ninampa. Lakini unajua nani anaanza."

Nilijua. Kaka yangu alinizidi miaka minne.

Nikasikia simu ikipokezwa mkono kwa mkono, kisha pumzi. Ilikuwa pumzi yake, ningeijua hata kwenye soko. Nilingoja. Niliomba aseme yeye kwanza, kwa bahati mbaya, kwa mazoea, mara moja tu. Hakusema. Alikuwa amefunzwa vizuri.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Nikasikia watu nyuma yake wameacha kuzungumza, wakimsikiliza.

"Marahaba, dada," akajibu.